Ajali na Dhima: Tarehe ya Adhabu ya Mlevi Barabarani

Neno ajali lilitufikia kutoka Arabuni likiwa na maana ya muda uliokadiriwa, yaani siku ambayo kila nafsi imeandikiwa kuondoka duniani, isiyosogezwa mbele wala kurudishwa nyuma. Na lilipokwisha kukaa katika vinywa vyetu likachukua maana ya pili, ya msiba wa ghafula unaomkuta mtu njiani au kazini, hata leo mtu akisema kuwa gari limepata ajali, anataja na kadari bila ya kukusudia. Wahenga waliosema kwamba ajali haina kinga walikuwa wakimliwaza mfiwa, na liwazo lao lilikuwa jema. Lakini liwazo lililotungwa kwa ajili ya mfiwa likitiwa mkononi mwa aliyeua hugeuka udhuru, na kwa muda mrefu, katika nchi nyingi, mtu aliyeshika usukani hali amelewa akamwangamiza mpita njia alipata kivuli chini ya udhuru wa namna hiyo. Tarehe ya adhabu ya ulevi barabarani ni tarehe ya jinsi wanadamu walivyolitoa tendo hilo katika milki ya kadari na kulitia katika milki ya dhima, hatua kwa hatua na kwa kusitasita kwingi. Na mwenye kutaka kujua kama adhabu hizo ni za haki, na zimekusudiwa kuleta maslahi gani, hana budi kuzifuata hatua hizo tangu chimbuko lake.

Chimbuko lenyewe ni la zamani kuliko motokaa. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1872, iliyohusu leseni za kuuza vileo, iliharimisha mtu kulewa akiwa na dhamana ya gari la kukokotwa, farasi, ng'ombe au mtambo wa mvuke katika njia ya watu wote, au akiwa na bunduki yenye risasi ndani. Na adhabu yake ilikuwa faini isiyozidi shilingi 40, au kifungo kisichozidi mwezi mmoja. Mwenye kuisoma sheria ile kwa makini ataona kwamba mna fikira mbili ndani yake zilizowekwa nyumba moja kabla ya kuzoeana. Ya kwanza ni fikira ya aibu: mwenye farasi anaadhibiwa pamoja na walevi wengine waliotajwa mle, kwa kuwa anaifedhehesha njia ya watu. Ya pili ni fikira ya hatari: bunduki na mtambo wa mvuke vimepangwa mstari mmoja na mnyama kwa sababu kila kimoja kina nguvu ipitayo nguvu ya binadamu, na nguvu hiyo ikiongozwa na akili iliyofunikwa humdhuru mtu asiyekuwamo katika karamu. Miaka karibu mia iliyofuata ilipita katika kuzitenga fikira hizo mbili, mpaka ya pili ikaishika hukumu.

Siku ya 10 Septemba 1897, katika mtaa wa New Bond mjini London, kijana wa miaka 25 aitwaye George Smith, dereva wa teksi iliyoendeshwa kwa umeme, alilivurumisha gari lake likagonga jengo lililokuwa kando ya njia. Akakiri kuwa alikuwa amekunywa bilauri mbili tatu za bia, akatozwa shilingi 25. Huyo ndiye anayehesabiwa kuwa dereva wa kwanza wa motokaa kutiwa hatiani kwa ulevi. Ulikuwa umepita mwaka mmoja tu tangu kufutwa kwa amri iliyomlazimu mtu atangulie kwa miguu mbele ya kila chombo cha mtambo barabarani, na watu walikuwa bado wakiipima motokaa kwa kipimo cha farasi. Hapo palikuwa na kosa kubwa la fikira, maana mpanda farasi aliyelewa alikuwa na mwenzi asiyelewa: farasi huijua njia ya nyumbani, huukwepa ukuta, na husita akiona mtoto amesimama mbele yake. Motokaa haikuleta akili ya pili barabarani. Yote iliyo nayo ni ile ya dereva, naye akiipoteza, chombo kizima kimekuwa kichaa.

Bunge la Uingereza lilianza kuutambua ukweli huo katika sheria ya jinai ya mwaka 1925, iliyomtaja waziwazi mlevi wa chombo kiendeshwacho kwa mtambo, ikapandisha faini hadi pauni 50 na kifungo hadi miezi minne, na juu ya hayo ikamvua leseni kwa miezi 12. Miaka mitano baadaye, sheria ya barabara ya mwaka 1930 ikaeleza kosa kwa ibara iliyodumu muda mrefu: kwamba mtu ameathiriwa na kinywaji au dawa kwa kadiri ya kushindwa kukiongoza chombo sawasawa. Ibara hiyo ndiyo iliyovuka bahari pamoja na utawala wa Kiingereza, ikaandikwa karibu neno kwa neno katika kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, ambamo mahakimu wa nchi ile waliendelea kuisoma miaka mingi baada ya bendera kubadilishwa.

Kwa kuisikia tu, ibara ile ina sura ya insafu; taabu yake ilikuwa katika ushahidi. Mtuhumiwa alipelekwa kituoni, daktari akamwamuru atembee juu ya mstari uliochorwa sakafuni, aokote sarafu, atamke maneno yenye kutatiza ulimi, kisha akatoa rai yake. Na rai ya daktari ilikabiliwa mahakamani na rai ya daktari mwingine aliyelipwa na mshitakiwa. Mwenye mali alimpata wakili hodari na tabibu wa kumsemea, na maskini alisimama na ulimi wake peke yake. Zaidi ya hayo, raia 12 walioketi kuhukumu walikuwa wengi wao ni madereva, waliowahi kutoka klabu usiku wakafika nyumbani salama, nao walipomtazama mshitakiwa kizimbani walijiona wenyewe. Walisita kumwita muuaji mtu aliyekuwa mfano wao, hata mwaka 1956 ikabidi liundwe kosa jipya la kusababisha kifo kwa kuendesha kwa hatari, lenye jina jepesi kuliko kuua, ili mioyo yao ipate kukubali kutia hatiani.

Wakati huo katika nchi za kaskazini ya Ulaya njia nyingine ilikuwa imekwisha kufunguliwa. Erik Widmark, mwanachuoni wa Lund nchini Sweden, alitangaza mwaka 1922 namna ya kukipima kileo katika matone machache ya damu, na kwa elimu hiyo mlevi hakuhitaji tena kuhukumiwa kwa mwendo wake wala kwa ulimi wake. Norway ilitangulia nchi zote mwaka 1936 ilipoweka kipimo cha 0.5 katika elfu, ambacho ni kama miligramu 50 za kileo katika mililita 100 za damu, na aliyekipita alijua kwamba jela inamngoja kwa siku zisizopungua 21, ijapokuwa hajamgusa mtu. Ukali huo haukulegezwa mpaka mwaka 1988. Sweden ikafuata mwaka 1941.

Wanafunzi wa fiqihi wanaijua tofauti ya hadi na taaziri: hadi ni adhabu iliyowekewa mpaka, asiyoweza kadhi kuipunguza wala kuizidisha, na taaziri ni ile aliyoachiwa kadhi aipime kwa busara yake, akimtazama mtu na hali yake. Siziunganishi sheria hizi kwa asili, maana fiqihi humwadhibu mnywaji kwa kunywa kwenyewe, na sheria ya barabara haimuulizi mtu alichokunywa nyumbani kwake ila anapokileta mbele ya wenzake. Lakini mfano huo unatuonyesha kilichotendeka. Kwa Waingereza hukumu nzima ya ulevi ilikuwa taaziri, tangu kujua kama mtu amelewa hadi kukadiria malipo yake. Watu wa Norway waliutoa mpaka wa kosa katika rai ya hakimu, wakautia katika kipimo kimoja kisichojua jina la mtu wala ukoo wake wala unene wa mkoba wake. Wako waliolalamika kuwa kipimo hakina huruma. Kweli hakina, lakini hakina upendeleo pia, na aliyekwisha kumwona tajiri akiachiliwa kwa rai ya tabibu wake ataipokea haki hiyo kavu kwa shukrani.

Uingereza iliifikia njia hiyo kwa mkono wa Barbara Castle, waziri wa usafiri, ambaye yeye mwenyewe hakuwa dereva, na aliyeandikiwa barua za matusi na vitisho kwa kuthubutu kuingilia starehe ya watu. Tangu 9 Oktoba 1967 askari waliruhusiwa kumtaka dereva wanayemshuku apulize katika kifaa cha kupima pumzi, na aliyezidi miligramu 80 katika mililita 100 za damu alikuwa na hatia na leseni yake ikamtoka kwa muda usiopungua mwaka. Katika mwaka wa kwanza vifo vya barabarani vilipungua kwa 1,152, na katika saa za usiku wa mwisho wa juma, ambazo ndizo saa za vileo, vifo na majeraha makubwa vilipungua kwa theluthi mbili. Kisha, miaka michache baadaye, nafuu ile ikaanza kuyeyuka. Mtaalamu wa Kimarekani H. Laurence Ross aliyeichunguza kadhia hiyo alieleza sababu yake: watu waliiogopa sheria walipodhani kuwa askari yuko kila njia panda, na walipojua kwa mazoea kwamba ni nadra kukamatwa, hofu ikawatoka, ingawa adhabu ilikuwa ile ile.

Hapa ndipo madhumuni ya adhabu yanapodhihirika. Cesare Beccaria wa Milano alifundisha tangu mwaka 1764 kwamba uhakika wa adhabu huzuia uovu kuliko ukatili wake, na barabara zimemshuhudia kuwa alisema kweli. Jimbo la New South Wales nchini Australia lilipoanza, Desemba 1982, kuwasimamisha madereva pasipo kungoja kuwashuku, mchana na usiku, maelfu kwa maelfu, ajali za kuua zilipungua kwa kiasi cha moja katika tano. Scotland iliposhusha kipimo chake hadi miligramu 50 mwaka 2014, bila ya kuongeza askari wa kupima, watafiti walioilinganisha na England na Wales hawakuona ajali zimepungua. Sheria iliyoandikwa kwa wino mkali na kuachwa ofisini haimtishi mtu aliye njiani.

Limebaki swali la usawa wa malipo. Faini moja kwa watu wote huonekana sawa kwenye karatasi, lakini kwa mmoja ni chakula cha watoto wake cha mwezi, na kwa mwingine ni sadaka ya siku moja. Finland ililitazama jambo hilo mwaka 1921 ilipoanzisha faini inayohesabiwa kwa siku: hakimu hutaja idadi ya siku kwa uzito wa kosa, na thamani ya kila siku hufuata pato la mkosaji, ili kila mtu aumie kwa kadiri moja. Kuhusu kuvuliwa leseni, wako wasemao kuwa humwonea dereva wa lori, ambaye leseni ndiyo riziki yake. Nalikubali chozi lake, wala silikubali dai lake. Neno usukani lilikuwa la jahazi kabla ya kuwa la gari, na katika mwambao wetu nahodha aliyelewa usukanini hakuambiwa kuwa ameonewa akiondolewa chomboni, kwa kuwa watu na mali vilikuwa amana mikononi mwake. Leseni ni amana ya namna hiyo hiyo, na anayeivunja hunyang'anywa kwanza kwa ajili ya kuwalinda wengine, kabla hata ya kufikiriwa malipo yake.

Na liko swali gumu kuliko hilo. Watu wawili hunywa kiasi kimoja, hutoka mlango mmoja, huendesha kwa mwendo mmoja. Wa kwanza hukuta njia nyeupe, na wa pili hukutana na mtoto. Uingereza iliweka mwaka 1991 kosa la kusababisha kifo kwa uzembe hali ya kulewa, likiwa na kifungo cha hadi miaka 5, kikapandishwa hadi 10, kisha 14, na mwaka 2022 hadi maisha. Haki ya marehemu yataka itambuliwe, na moyo wa mzazi aliyefiwa hauwezi kuambiwa kuwa matokeo si kitu. Lakini tendo la watu wale wawili lilikuwa moja, na dhima ya wote wawili ilianza walipotia ufunguo. Kilichowatenga baadaye ni kadari. Ukali wa sheria ukingoja jeneza, huwafundisha watu kwamba pasipo jeneza hapana kosa, nao huirudisha kadari katika kiti tulichohangaika karne nzima kuitoa.

Kwetu safari hii haijafika mwisho. Tanzania iliandika kipimo cha miligramu 80 katika Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973. Kenya ilipowatoa askari na vipima pumzi barabarani ilitegemea kanuni zilizowekwa chini ya sheria mama iliyokuwa bado ikisema habari ya kushindwa kukiongoza chombo, na mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ikaziona kanuni hizo hazipatani na sheria yenyewe. Baadhi ya watu waliikasirikia hukumu ile. Mimi naiona kuwa sehemu ya haki, kwa sababu anayeadhibiwa ana haki ya kulijua kosa lake kama lilivyoandikwa na wenye mamlaka ya kuliandika, na Bunge lina wajibu wa kuliandika.

Askari aliyesimama kando ya barabara usiku, taa mkononi, akimwambia dereva apulize, amesimama katika saa ambayo hakuna aliyekufa bado. Mtoto angali amelala kwao, mama yake hajapigiwa simu, na ajali haijatajwa na mtu. Adhabu itolewayo katika saa hiyo, kwa kipimo kisichojua tajiri wala maskini, na kwa uhakika usiochoka, yatosha kuwa ya wastani. Maana yale ambayo wahenga waliyasema kuwa hayana kinga huja baada ya saa hiyo, na hiyo ndiyo saa pekee ambayo kinga imo mikononi mwetu.