Kanisa la Mkunazini na Mawe Yake

Mgeni ashukaye bandarini Unguja, akipita vichochoro vya Mji Mkongwe mpaka Mkunazini, huona mnara mrefu wa kanisa, wala hawezi kujua kwa macho tu ya kuwa uwanja ule ulikuwa soko la watu. Mwezi wa Juni, mwaka 1873, Seyyid Barghash bin Said alitia sahihi mkataba wa kulifunga. Siku ya Noeli ya mwaka ule ule jiwe la msingi likawekwa, na Noeli ya mwaka 1879 ibada ikasaliwa ndani.

Mwenye kuisimamia kazi ile alikuwa Askofu Edward Steere, ambaye ndiye aliyeandika pia vitabu vya sarufi ya Kiswahili. Kuta ni za mawe ya matumbawe. Dari ni kuba moja ndefu ya vipande vya matumbawe na saruji, bila boriti hata moja, na walikuwako waliosema kwamba itaanguka. Nayo ingali juu hata leo. Karibu na mlango ziko nguzo zilizosimama kichwa chini. Husimuliwa ya kuwa mafundi waliziweka hivyo Askofu asipokuwapo, naye akaziacha. Mimi nafurahi kwamba aliziacha, maana pale mkono wa fundi waonekana dhahiri.

Altare, kwa mapokeo, yasimama mahali pa mti wa kufungia watu na kuwapiga. Askofu Steere alifariki mwaka 1882, akazikwa nyuma yake. Msalaba wa mti ulio ndani umechongwa kwa mti wa Chitambo, ambapo chini yake ulizikwa moyo wa David Livingstone.

Lakini imetupasa kusema kweli katika jambo moja. Wageni huonyeshwa vyumba vya chini, vyenye giza, chini ya nyumba iliyo jirani, wakaambiwa ndimo watumwa walimofungiwa. Nyumba ile ilikuwa hospitali ya Misheni, nayo ilijengwa baada ya soko kufungwa. Kwa hiyo wenye kuchunguza historia wameitilia shaka habari hiyo. Wengine huogopa ya kuwa tukikiri hivyo twapunguza mateso ya wale waliouzwa. Sivyo. Soko lilikuwako kweli, na waliouzwa ni watu kweli, wengi wao kutoka nchi za Ziwa Nyasa. Tena baadhi ya waliokombolewa walifanya kazi ya kulijenga kanisa hili, wakachukua mawe kwa mikono yao katika uwanja ule ule.