Usonji na Lawama Juu ya Wazazi

Jambo lisilojulikana asili yake hutafutiwa mkosaji, na aliye karibu ndiye atwikwaye mzigo kwanza. Ndivyo ilivyokuwa katika historia ya usonji. Watoto wenye hali hii waliishi zamani bila ya hali yao kuwa na jina. Ilipopata jina, mama zao walipata lawama.

Katika mwaka wa 1943 Leo Kanner, tabibu katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, alitoa habari za watoto 11, wavulana 8 na wasichana 3. Walipenda upweke, baadhi yao walirudia maneno ya watu kama mwangwi, na badiliko dogo la mazoea ya nyumbani liliwafadhaisha. Kanner alidhani kuwa walizaliwa hivyo. Lakini alitaja pia ubaridi wa wazazi wao, na katika mwaka wa 1949 akaufananisha na jokofu. Mfano huo ulienea upesi kuliko utafiti wake. Katika mwaka wa 1967 Bruno Bettelheim wa Chicago alitoa kitabu kilichomlinganisha mtoto mwenye usonji na mfungwa wa kambi za mateso za Ujerumani, ambamo yeye mwenyewe aliwahi kufungwa. Kwa fikira hiyo nyumba ilikuwa gereza na mzazi askari wake, na tiba ilikuwa kumtenga mtoto na wazazi.

Hukumu hiyo ilikuwa nzito, wala haikuwa na ushahidi. Wa kwanza kuipinga kwa hoja ndefu alikuwa baba. Bernard Rimland, mtaalamu wa saikolojia aliyefanya kazi katika jeshi la majini la Marekani, alikuwa na mwana mwenye usonji. Alisoma yote aliyoweza kuyapata yaliyoandikwa juu ya hali hiyo, na katika mwaka wa 1964 akatoa kitabu kilichoonyesha kuwa asili yake ni maumbile ya mwili, si ukosefu wa mapenzi. Kanner mwenyewe alikiandikia dibaji. Mwaka uliofuata Rimland na wazazi wenzake waliunda chama cha taifa.

Wazazi wa Uingereza walikuwa wamekwisha tangulia. Chama chao kilizaliwa London katika mwaka wa 1962; miongoni mwa waasisi wake alikuwamo Lorna Wing, tabibu wa maradhi ya akili na mama wa binti mwenye usonji. Haja yao kubwa ilikuwa elimu, maana wakati huo sheria iliruhusu mtoto kuhesabiwa kuwa hafundishiki. Katika mwaka wa 1965 walifungua shule huko Ealing chini ya mwalimu Sybil Elgar, aliyefundisha kwa utaratibu, utulivu na maelezo ya wazi. Watoto walioambiwa hawafundishiki walifundishika. Sheria ya mwaka wa 1970 ikawapa watoto wote wa Uingereza haki ya elimu, hata wenye ulemavu mkubwa.

Lawama nayo ilianza kuanguka. Katika mwaka wa 1969 Kanner alisimama mbele ya mkutano wa wazazi mjini Washington akawatangaza kuwa hawana hatia. Katika mwaka wa 1977 Susan Folstein na Michael Rutter walichunguza jozi 21 za pacha, wakaona kuwa urithi wa damu una sehemu kubwa katika usonji.

Katika Afrika ya Mashariki lawama ya namna hii mara nyingi huvaa vazi la laana au uchawi, na hapa pia mama ndiye aulizwaye kwanza alikosa nini. Swali hilo halijapata kumfundisha mtoto hata neno moja. Walioacha kuliuliza, wakauliza mtoto hujifunzaje, ndio waliofungua shule. Jamaa na jirani anayetaka kusaidia na aanze hapo: ampunguzie mama lawama, kisha ampokee mtoto kwa saa chache ili mama apumzike.