Fidia bila kesi, na wanawake waliodai ukweli

Aprili 1, 2024 New Zealand ilitimiza miaka 50 ya sheria ambayo wanasheria wa nchi nyingi bado wanaistaajabia. Aliyeumizwa na matibabu hulipwa fidia bila kumpeleka daktari mahakamani, na kwa kuwa analipwa, haruhusiwi tena kumshtaki ili amdai fidia hiyo.

Mwasisi wake ni Jaji Owen Woodhouse. Tume yake ilipewa kazi ya kuangalia fidia za ajali kazini, lakini ripoti ya 1967 ikavuka mipaka hiyo. Kwa maoni yake, kesi za uzembe zilikuwa bahati nasibu: wawili wameumia sawasawa, mwenye shahidi analipwa, asiye naye anaondoka mikono mitupu. Sheria ikapitishwa 1972, ikaanza kutumika 1974, na mfuko uitwao ACC ukaanza kumlipia majeruhi tiba na asilimia 80 ya kipato anachokosa.

Tanzania nasi tulirithi sheria ileile ya Kiingereza ya uzembe, na hatujaiacha. Baraza la Madaktari Tanganyika laweza kumwadhibu daktari, hata kumfuta kwenye rejista, lakini anayetaka fidia hana budi kwenda mahakamani, athibitishe kosa, tena kwa ushahidi wa daktari mwingine. Ni familia chache mno zenye ubavu huo, na inasikitisha kwamba jambo hili halijadiliwi kwa uzito.

Hata hivyo, anayelipwa bila kesi anaweza pia kulipwa bila kuambiwa nini kilitokea. New Zealand iligundua hilo kwa uchungu, katika Hospitali ya Taifa ya Wanawake mjini Auckland.

Mwaka 1966 daktari bingwa wa hospitali hiyo, Herbert Green, aliruhusiwa kuwafuatilia wanawake wenye dalili za awali kwenye shingo ya kizazi bila kuwapa tiba iliyokuwa ya kawaida. Aliamini dalili hizo ni nadra kugeuka saratani. Wenzake wawili, Bill McIndoe aliyekuwa akiwachunguza wagonjwa hao na Jock McLean wa maabara ya patholojia, waliona saratani ikijitokeza, wakaandika barua za kuonya. Wakubwa wa hospitali waliunda kamati ya ndani, nayo ikamwacha Green aendelee. McIndoe na McLean wakaishia kuchapisha takwimu zao mwaka 1984, wakiwa na wenzao wengine wawili: kati ya wanawake 131 ambao vipimo vyao viliendelea kuonyesha kasoro, 29 walipata saratani. Nchi ikanyamaza. McIndoe alifariki 1986 bila kuona mtu akiwajibishwa.

Mwaka uliofuata, mwezi Juni, wanaharakati Sandra Coney na Phillida Bunkle waliandika habari hizo katika jarida la Metro. Mgonjwa wao mkuu walimpa jina la Ruth. Mwanamke huyo alihudhuria kliniki kwa zaidi ya miaka kumi, anapimwa, anarudishwa nyumbani, anapangiwa tarehe nyingine, wala hakuna aliyemwambia kwamba yumo kwenye utafiti. Mwaka 1985 akakutwa na saratani.

Serikali ikamteua Jaji Silvia Cartwright kuchunguza. Ripoti yake ya Agosti 1988 ndiyo niliyoitegemea zaidi hapa, na sioni namna ya kuisoma bila hasira. Alithibitisha kwamba wapo wanawake waliokosa tiba ya kutosha na kwamba ridhaa yao haikuombwa. Akabaini pia kuwa watoto wachanga wa kike zaidi ya 2,000 walichukuliwa sampuli ukeni bila wazazi wao kuombwa ruhusa.

Pendekezo lake lilizaa sheria ya 1994 iliyoanzisha ofisi ya Kamishna wa Afya na Ulemavu, na mwaka 1996 orodha ya haki za mgonjwa ikapata nguvu ya sheria. Mgonjwa akapata mahali pa kupeleka malalamiko bure na mtetezi wa kumsindikiza. Pesa zikabaki kazi ya ACC. Maelezo yakawa kazi ya Kamishna.

Ubishi haukuisha. Mwaka 2009 mwanahistoria Linda Bryder alichapisha kitabu cha kupinga hukumu ya Cartwright. Lakini utafiti uliotoka mwaka mmoja kabla yake ulionyesha kwamba, katika miaka 30, asilimia 31 ya wanawake walioachwa bila tiba kamili walipata saratani, dhidi ya asilimia 0.7 ya waliotibiwa ipasavyo. Kwangu mimi, takwimu hizo zinatosha.

Kwa upande wa fidia, mwaka 2005 sharti la kuonyesha kosa la daktari, lililokuwa limebaki kwa baadhi ya madai ya ACC, liliondolewa. Pengo kubwa limesalia: aliyepofuka kwa ajali ya matibabu hulipwa na ACC, aliyepofuka kwa ugonjwa hutegemea posho ya ustawi wa jamii iliyo ndogo zaidi. Woodhouse alitaka wagonjwa nao waingizwe baadaye. Alifariki 2014, na hadi leo hawajaingizwa.