Fungate visiwani: namna ya kuchagua pa kufikia Unguja, Pemba na Mafia

Ujumbe uliotufanya tuandike makala hii ulitoka kwa msikilizaji wetu wa Kiwangwa. Kijana ameuza mananasi ya msimu, ameoa, na baada ya kulipa turubai, wapishi na muziki akabakiwa na laki sita. Akaamua ampeleke mkewe Unguja siku chache. Mtu mmoja akamtumia picha kwa WhatsApp: chumba kinatazama bahari, kitanda kimemwagiwa maua. Kijana akatuma laki mbili za arubuni. Walipofika, nyumba ya kwenye picha waliikuta kweli, lakini jina lao halikuwamo kwenye daftari la mapokezi, na namba ile ya simu haikupatikana tena. Walilala gesti ya mjini usiku mmoja, kesho yake wakarudi na boti ya asubuhi.

Tangu tuusome ujumbe huo hewani, maswali hayajakatika. Wengi hawaulizi kuhusu matapeli tu. Wanauliza swali la msingi zaidi: visiwa ni vikubwa, fukwe ni nyingi, na kila tangazo linasema pake ndipo pazuri. Mtu achague vipi?

Kwanza neno lenyewe. Fungate kwa watu wa pwani ni siku saba baada ya harusi, na asili yake haikuwa safari. Bibi harusi alikaa ndani, akihudumiwa, kungwi wake akiwa karibu, na chakula kikiletwa mlangoni. Kusafiri ni jambo lililokuja baadaye. Tunalitaja hili kwa sababu wapo wanaoona aibu kusema wameshindwa kwenda mbali. Hakuna aibu. Atakaye kwenda na aende, ila ajue anakwenda wapi.

Unguja si pwani moja

Kosa tunalolisikia mara nyingi ni la mtu kusema "nimechukua chumba Zanzibar, ufukweni" bila kuuliza ufukwe upi. Mashariki mwa Unguja, kuanzia Matemwe, Kiwengwa na Pongwe hadi Paje, Bwejuu na Jambiani, bahari ina mwamba wa matumbawe ulio mbali kidogo na nchi kavu. Ndani ya mwamba huo maji ni mafupi. Yakipwa, yanakwenda mbali sana, mamia ya mita, na linabaki tandiko la mchanga, majani na vidimbwi. Mgeni aliyeona picha ya maji ya buluu huamka asubuhi akadhani bahari imekauka. Kaskazini, Nungwi na Kendwa, ufuko unashuka haraka zaidi, kwa hiyo hata maji yakipwa mtu hupata pa kuogelea bila kutembea sana.

Wasikilizaji wetu wa Dunda na Kaole hawahitaji kufundishwa habari ya kupwa na kujaa. Lakini wa Msata, Lugoba na Miono wengi hawaishi na bahari, kwa hiyo tueleze kidogo. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa kama dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu ndipo kunapokuwa na bamvua: maji hujaa sana na hupwa sana, na tofauti ya juu na chini Unguja hufika kama mita nne. Siku hizo maji hukauka kwenye saa nne au saa tano asubuhi, yakarudi kujaa kwenye saa kumi jioni. Baada ya wiki moja, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu: tofauti ni ndogo, na kujaa huangukia asubuhi.

Maana yake kwa maharusi ni rahisi. Mkitaka kukaa Paje au Jambiani na kuogelea asubuhi baada ya chai, tazameni mwezi kabla ya kuchagua tarehe. Mkienda wakati wa bamvua, asubuhi mtatembea juu ya mchanga na kuwaona akina mama wa mwani wakishughulikia mashamba yao, kazi ambayo imelisha familia nyingi za upande huo. Si jambo baya hata kidogo, wapo wanaolipenda kuliko kuogelea. Vaeni yeboyebo tu, maana kwenye mawe kuna vile viumbe vya miiba mirefu myeusi, na mwiba wake ukikatikia mguuni fungate itaishia zahanati. Na msikanyage kamba za mwani. Lile ni shamba la mtu, kama mnavyotaka wageni wasikanyage mananasi yenu.

Jua ni jambo jingine. Nungwi na Kendwa wanaliona likizama baharini. Matemwe hadi Jambiani wanaliona likichomoza. Pana mahali pamoja upande wa mashariki, Michamvi Kae, ambapo nchi imejikunja ikatazama ghuba, na hapo jioni jua linazama juu ya maji.

Kelele nazo ziangaliwe. Nungwi kumejengeka sana, baa zipo karibu karibu, na Kendwa kunajulikana kwa sherehe za usiku wa mwezi mpevu. Ukipenda ngoma hadi alfajiri, umefika. Paje nako kuna vijana wengi na wale wachezaji wa tiara, watu wanaosimama juu ya ubao na kuvutwa na tiara kubwa majini. Wanaufuata upepo wa kusi katikati ya mwaka na wa kaskazi kuanzia Desemba hadi Februari au Machi. Anayetaka utulivu tungemwambia Jambiani, Matemwe au Pongwe. Jambiani tunaitaja kwa sababu nyingine pia: kijiji na nyumba za wageni vimechanganyika, unanunua chapati na samaki kwa watu wa hapohapo, hulazimiki kula hotelini kila mlo. Kwa mwenye laki chache hilo ndilo linaloamua safari iwe ya siku mbili au nne.

Usiku mmoja mjini

Ushauri wetu, na tunajua wapo watakaoupinga, ni kulala usiku wa kwanza Mji Mkongwe. Boti inashusha watu Malindi, pembeni kabisa ya mji huo, na maharusi waliotoka Bagamoyo alfajiri huwa wamechoka. Nungwi ni kama kilomita 60 kutoka mjini, na Paje ni kama 50. Mkipumzika mjini mnatembea vichochoroni, mnakula Forodhani jioni, kesho mnaondoka na nguvu. Mji huo umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na ni mji wa watu wanaoishi, si makumbusho. Magari hayaingii kwenye vichochoro vingi, basi ulizeni kabla kama mtabeba mizigo wenyewe, na chumba kiko ghorofa ya ngapi. Nyumba za kale zina ngazi za kuchosha, na bibi harusi mwenye sanduku la nguo atawakumbusha kila mkipanda.

Bandarini mtapokelewa na vijana wanaoitwa papasi, wanaojitolea kuwatafutia hoteli na gari. Si wote ni wabaya. Ila ujira wao mara nyingi hutoka kwenye bei utakayolipa wewe. Mwenye nafasi yake tayari anasema "ahsante, tumeshafikia" na anaendelea na safari. Kwenda vijijini daladala zipo, namba 116 ya Nungwi na 309 ya Jambiani, na nauli yake haikaribiani na ya teksi.

Pemba na Mafia

Pemba ni ya mikarafuu, vilima na misitu kama Ngezi, na hoteli zake ni chache, nyingine za bei kubwa na ziko mbali na miji. Anayekwenda Pemba bila kupanga mapema atajikuta analala Chake Chake au Wete na kutafuta gari kila siku ili aione bahari nzuri. Kwa maharusi wenye siku tatu tu hatuipendekezi, japo kwa mwenye wiki nzima ni kisiwa kitamu, na pale Kidike ataona popo wakubwa wasiopatikana kwingine duniani.

Mafia iko mkoa wetu wenyewe wa Pwani, na inashangaza ni wachache kiasi gani wanaoifikiria. Hifadhi yake ya bahari ilianzishwa mwaka 1995, ya kwanza nchini. Kuanzia Oktoba hadi Machi, karibu na Kilindoni huonekana papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, ambaye hali watu. Anachuja vidudu vidogo vya majini. Utende ndiko kwenye nyumba nyingi za wageni, na ukiingia huko unapita lango la hifadhi na kulipa ada, ambayo kwa Mtanzania ni ndogo kuliko ya mgeni, basi beba kitambulisho. Kutoka Utende mashua inavuka hadi Chole kwenye magofu, au Juani kwenye mji wa kale wa Kua. Lakini tuseme ukweli: anayetafuta mchanga mweupe mrefu na muziki, Mafia itamchosha. Ni ya wanaopenda kutazama vilivyo chini ya maji na kulala mapema. Njia ya wengi ni kwenda Mbagala Rangi Tatu, kupanda basi hadi Nyamisati, kisha boti au kivuko hadi Kilindoni. Ndege ndogo kutoka Dar es Salaam zipo kwa mwenye uwezo.

Wengine wanauliza kwa nini wasibaki Bagamoyo, ambako hoteli za ufukweni zipo. Wanaweza. Tofauti kubwa ni rangi ya maji: kwetu mto Ruvu unamwaga tope lake baharini kaskazini mwa mji, na mikoko imetanda, wakati visiwani hakuna mito mikubwa na mchanga umetokana na matumbawe. Anayetaka maji ya buluu avuke. Anayetaka kupumzika tu na mkewe, nauli ya boti ataitumia vizuri zaidi hapahapa.

Kabla ya kutuma pesa

Turudi kwa kijana wa Kiwangwa. Picha hazikumdanganya, nyumba ilikuwepo. Aliyemdanganya ni mwenye namba. Kwa hiyo usilipe kwa namba uliyotumiwa pamoja na picha. Tafuta namba ya hoteli kwa njia nyingine, kwenye tovuti yake au kwenye ramani ya simu, upige, uzungumze na mapokezi, uwape majina na tarehe. Hoteli za Zanzibar hupewa leseni na Kamisheni ya Utalii Zanzibar, na mwenye biashara halali haoni tabu kuulizwa habari ya leseni. Unapolipa kwa Lipa Namba, soma jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri. Likija jina la mtu badala ya la biashara, simama. Na anayekwambia chumba kitachukuliwa usipotuma ndani ya nusu saa, mwachie akichukue.

Ulizia bei inahusu nini. Kulala na chai ya asubuhi ni bei moja, kulala na milo miwili ni nyingine. Uliza kama bei ni ya chumba au ya kila kichwa, na kama kuna bei ya Watanzania, kwa sababu mara nyingi ipo lakini haitajwi mpaka uulize. Taka bei kwa shilingi: kanuni zilizotangazwa Machi 2025 zinakataza kudai malipo ya huduma za ndani ya nchi kwa fedha za kigeni. Uliza pia mkighairi mtarudishiwa kiasi gani, na jibu liwe la maandishi, hata kama ni ujumbe mfupi wa simu.

Msimu nao unashusha au kupandisha. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, vyumba huwa rahisi zaidi, ila mvua inaweza kuwafungia ndani siku nzima (kwa fungate ya zamani hilo lisingekuwa tatizo). Desemba karibu na mwaka mpya na miezi ya Julai na Agosti bei hupanda. Februari, wakati wa tamasha la Sauti za Busara, Mji Mkongwe hujaa. Mwezi wa Ramadhani hakuna kula hadharani mchana, na migahawa mingi nje ya hoteli hufungwa, basi wasiofunga waulize hotelini kwao kabla ya kwenda. Na wakati wowote ule, nguo za kuogea ni za ufukweni. Mkipita kijijini, kanga au kikoi.

Chukueni nakala ya cheti cha ndoa. Baadhi ya gesti za wenyeji huwauliza mume na mke, na ni afadhali kuonyesha karatasi kuliko kubishana mlangoni usiku.

Kuhusu kuvuka: boti za kasi kutoka Dar es Salaam huchukua kama saa mbili, na tiketi hukatwa kwa kitambulisho. Kateni ofisini kwa kampuni yenyewe au kwenye mtandao wake. Mashua za mizigo zinazoondoka kwenye fukwe zetu si za abiria, hata nauli ikiwa nusu. Hatujasahau MV Spice Islander iliyozama jirani na Nungwi Septemba 2011 ikiwa imejaza kupita kiasi, ikaua watu zaidi ya 200, wala MV Skagit, Julai 2012. Chombo kikionekana kimezidisha, shukeni, tiketi ya kesho ipo.

Kijana wetu anasema mwaka huu mananasi yakitoa vizuri watajaribu tena, safari hii Jambiani, siku tatu. Tumemwambia atazame mwezi kwanza, na asikate tiketi ya kurudi kwa boti ya mwisho ya siku, kwa sababu wakati wa kusi boti ikichelewa kufika Dar, gari za Bagamoyo pale Makumbusho hazitamsubiri.