Wagiriki wa Atlanta waliokubali kuacha lugha yao mlangoni

Tarehe 26 Julai 1922, mjini Atlanta, kusini mwa Marekani, wafanyabiashara wachache Wagiriki walianzisha chama ambacho mpaka leo kinajulikana kwa herufi AHEPA: Chama cha Wamarekani wenye asili ya Kigiriki kwa ajili ya Elimu na Maendeleo. Kwa jina tu, mtu angedhani ni mutualite kama zile za kwetu, ambazo watu wa kwao mmoja huziunda wakifika mji wa kigeni ili wazikane na kusaidiana wakati wa ugonjwa. Hiki kilizaliwa kwa sababu ya woga.

Ku Klux Klan ilikuwa imefufuliwa mwaka 1915 kwenye mlima wa Stone Mountain, karibu na Atlanta, na makao yake makuu yalikuwa katika mji huo huo. Wengi wanaijua kwa kuwatesa na kuwaua watu weusi, na ndiyo sifa yake kweli. Lakini iliwachukia pia Wakatoliki, Wayahudi na wageni waliotoka kusini na mashariki mwa Ulaya. Wagiriki wengi waliishi kwa restora ndogo, maduka ya peremende na kazi ya kung'arisha viatu. Wateja walipokatazwa kuingia kwao, mwenye restora alifunga au aliuza kwa hasara. Tena walikuwa hawajasahau yaliyotokea South Omaha, jimbo la Nebraska, Februari 1909: Mgiriki mmoja alimuua polisi, na umati ukabomoa mtaa mzima wa Wagiriki na kuwafukuza wakaaji wake.

Basi watu wa Atlanta walifanya jambo ambalo liliwaumiza Wagiriki wenzao wengi. Mikutano ifanyike kwa Kiingereza. Dini isiletwe chamani. Hata asiye Mgiriki akaribishwe. Kila mwanachama ahimizwe kuchukua uraia wa Marekani. Waliiga hata vikao vya siri na mavazi ya vyama vya Wamarekani wenyewe, kwa sababu huko mtu wa heshima alijulikana kwa chama chake.

Wengine walikataa. Mwaka 1923, huko Pennsylvania, kilianzishwa chama cha ushindani, GAPA, kilichoshika Kigiriki na Kanisa la Orthodoksi. Kwao, mtoto asiyesema lugha ya baba yake amepotea. Hoja hiyo haikuwa ndogo, na wazazi walioishi mbali na kijiji chao wanaielewa bila kufasiriwa.

Wakati ulikuwa mbaya pia. Septemba 1922, hata miezi miwili haijapita, mji wa Smyrna uliteketea, na Wagiriki zaidi ya milioni moja wakalazimika kuikimbia Asia Ndogo. Ndugu zao wa Marekani walitaka kuwapokea. Lakini sheria ya 1924 iliruhusu Wagiriki 100 tu kwa mwaka kuhamia huko. Kiingereza cha mikutano hakikuufungua mlango huo.

Pia kuna jambo ambalo historia za chama hulipita haraka. Njia ya AHEPA iliwezekana kwa Wagiriki kwa sababu walihesabiwa, hata kwa shida, kuwa weupe. Majirani weusi wa Atlanta walikuwa wamesema Kiingereza kwa vizazi vingi, walikuwa raia, na bado walikatazwa kukaa kwenye restora hizo hizo.

Chama kilisambaa upesi. Vijana walipata tawi lao mwaka 1926, na wanawake walianzisha Mabinti wa Penelope huko San Francisco mwaka 1929. Franklin Roosevelt alijiunga kabla ya kuwa rais. Klan, kwa upande wake, ilianza kudhoofika kabla ya miaka ya 1920 kwisha. Pesa za wanachama zilisaidia watu wa Korintho baada ya tetemeko la 1928, kisha walioathiriwa na vita vya pili vya dunia. Baadaye chama kilijenga pia nyumba za wazee wenye kipato kidogo.

Leo utamaduni wa Kigiriki umo katika malengo ya chama yanayosemwa waziwazi, pamoja na elimu na huduma kwa wenye shida. Na huko Thessaloniki, Ugiriki, ipo hospitali kubwa ya chuo kikuu iliyojengwa kwa msaada wa wahamiaji hao. Wagonjwa wanaiita AHEPA tu, kama neno la Kigiriki la kawaida.