Parafujo, Shinikizo na Kiboko

Walimu wenzangu, hapa Kamembe mwanafunzi mmoja alikuta katika zoezi lake nahau ya Kiingereza "to put the screws on", iliyomhusu mkopeshaji na mdeni wake. Akafasiri neno kwa neno: mkopeshaji alimtia mdeni parafujo. Darasa likacheka, kana kwamba mdeni ni kiti kilicholegea.

Nahau hiyo haina mzaha. Parafujo itajwayo ilikuwa ya chombo cha chuma kilichobana vidole gumba vya mtu mpaka akiri. Mwaka 1684, mjini Edinburgh, mchungaji William Carstares aliteswa kwa chombo hicho. Leo Mwingereza huisema juu ya yeyote amlazimishaye mwenziwe kwa vitisho, wala aghalabu hakumbuki vidole.

Sisi tuna shinikizo, neno litokanalo na kubana na kukandamiza. Aliyepata kusikia habari za kinu cha ufuta cha Unguja, kilichozungushwa na ngamia aliyefungwa macho, hatashangaa kwamba mambo ya kukamua mbegu yalihamia kwa binadamu.

Lakini Rusizi kuna neno zito zaidi. Mwaka 1896 askari wa Dola Huru ya Kongo walilishinda jeshi la Rwanda pale Shangi. Wakaja Wajerumani, na mwaka 1916 Wabelgiji. Kiswahili kilifuatana na misafara na askari, na Kinyarwanda kikaazima kwetu maneno mawili: akazi, lililotumika kwa kazi ya shuruti, na ikiboko, mjeledi wa ngozi ya mnyama wa jina hilo. (Huko Tanganyika, chini ya Wajerumani, wazee waliyaita mapigo 25 "hamsa ishirini".) Zama za Wabelgiji chifu asiyetimiza kazi aliyopangiwa aliweza kuchapwa mwenyewe; basi naye akawachapa walio chini yake. Maelfu walikimbilia Uganda.

Akazi siku hizi ni kazi yoyote, hata ya mshahara. Ikiboko hakijapoa hivyo. Kijana wangu alipopendekeza "alimtia kiboko", nilikataa: mdeni yule hakuchapwa, na wapo wazee hapa ambao baba zao walichapwa. Shinikizo nalo, kwa deni la dukani, lilinuka magazeti na siasa. Tukaandika "alimbana mpaka akalipa".