Mwanzo si Uumbaji: Funzo kutoka kwa Padri Georges Lemaître

Katika somo letu la tafsiri, wanafunzi walipewa kifungu kifupi cha Kifaransa kuhusu asili ya ulimwengu. Baadhi yao waliandika "mwanzo wa ulimwengu", wengine wakaandika "uumbaji wa ulimwengu". Tulidhani ni suala la dakika tano. Kumbe! Mmoja alisema kwamba kutaja mwanzo bila Muumba ni kuikana imani. Mwenzake, aliyekuwa amesoma fizikia, akajibu kwamba neno "uumbaji" linamwekea mwanasayansi kinywani maneno ambayo hakuyasema. Tulipofungua majibu tuliyoyaandaa sisi walimu, tulikuta tumeandika "uumbaji". Hatukuwa na sababu ya kulitetea neno hilo, ila mazoea tu. Kwa hiyo tulirudi kusoma historia, na huko tukakutana na mtu aliyelipima jambo hili kwa umakini mkubwa kuliko sisi.

Georges Lemaître alizaliwa Charleroi, Ubelgiji, mwaka 1894. Alipigana katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, akapewa upadri mwaka 1923, kisha akaenda Cambridge kusoma kwa mwanafalaki Arthur Eddington, na baadaye Marekani. Kuanzia mwaka 1925 alifundisha katika Chuo Kikuu Kikatoliki cha Louvain. Chuo hicho si kigeni kwa nchi zetu hizi zilizotawaliwa na Ubelgiji: ndicho kilichokilea Chuo Kikuu cha Lovanium, kilichofunguliwa Léopoldville (Kinshasa ya leo) mwaka 1954. Lovanium ni jina la Louvain kwa Kilatini. Katika chuo hicho cha Kikatoliki ndimo kilimoanza kufanya kazi, mwaka 1959, kinu cha kwanza cha nyuklia barani Afrika.

Mwaka 1927 Lemaître alichapisha makala kwa Kifaransa katika jarida la Brussels ambalo wanasayansi wengi hawakulisoma. Akitumia milinganyo ya Albert Einstein, alionyesha kwamba ulimwengu unatanuka, na kwamba kadiri galaksi ilivyo mbali ndivyo inavyozidi kutuacha kwa kasi. Mrusi Alexander Friedmann alikwisha kupata masuluhisho ya namna hiyo kihesabu mwaka 1922, lakini Lemaître aliyaoanisha na vipimo vya galaksi. Walipokutana mwaka huohuo wa 1927, Einstein alikiri kwamba hesabu zake ni sahihi ila akaikataa fizikia yake. Miaka miwili baadaye vipimo vya Edwin Hubble viliunga mkono uhusiano huo wa umbali na kasi.

Mwaka 1931 Lemaître alipiga hatua nyingine. Ikiwa ulimwengu unatanuka, tukirudi nyuma tutaukuta ukiwa umesongamana mno. Katika barua fupi iliyochapishwa kwenye jarida la *Nature*, alipendekeza kwamba ulimwengu ulianza kama kitu kimoja ambacho baadaye alikiita atomu ya awali. Hapa kuna jambo dogo ambalo mwalimu wa lugha hana budi kulitazama. Rasimu ya barua hiyo ilimalizika kwa sentensi juu ya Mungu aliyefichika, na juu ya fizikia kuwa kama pazia linaloufunika uumbaji. Kabla ya kuchapisha, Lemaître aliikata sentensi hiyo. Hakuikata kwa sababu ameacha kuamini; alibaki padri hadi kufa. Aliikata kwa sababu haikuwa na kazi katika hoja ya fizikia.

Si wote walioridhika. Wapo wanasayansi walioshuku kwamba padri huyu anapenyeza dini katika falaki. Fred Hoyle, ambaye mwaka 1948 pamoja na wenzake alitoa nadharia ya ulimwengu usio na mwanzo, ndiye aliyeipa nadharia pinzani jina lake maarufu katika matangazo ya redio ya BBC mwaka 1949. Sisi tumelitafsiri kuwa "mlipuko mkuu". Yaani tumerithi jina lililotungwa na mpinzani, na linapotosha. Mlipuko huhitaji mahali pa kulipukia, ilhali hapa nafasi yenyewe ndiyo inayotanuka. Fikirini unga wa maandazi uliotiwa hamira na mbegu za iliki: unga ukiumuka, mbegu zinaachana, ingawa hakuna hata moja iliyotembea ndani ya unga.

Jaribu kubwa zaidi lilitoka upande wa marafiki. Tarehe 22 Novemba 1951, Papa Pius XII aliihutubia Akademia ya Kipapa ya Sayansi, akieleza matokeo ya sayansi ya wakati huo kama ushahidi unaoelekeza kwenye tendo la Muumba. Padri mwingine angefurahi. Lemaître, aliyekuwa mwanachama wa akademia hiyo tangu mwaka 1936, hakufurahi. Nadharia ya sayansi inaweza kuangushwa kesho na kipimo kipya. Je, imani iliyoegemezwa juu yake itaangukia wapi? Papa alipowahutubia wanafalaki wa dunia mjini Roma mwaka 1952, hakuirudia hoja ile kwa namna hiyo. Mwaka 1958, mbele ya wanafizikia wenzake, Lemaître alisema kwamba nadharia yake iko nje ya swali lolote la kidini, na inamwachia asiyeamini uhuru wa kutoamini.

Je, huko ni kupatanisha au ni kukwepa? Tunakiri kwamba njia yake haitatui kila kitu. Anayesoma siku sita za Kitabu cha Mwanzo kama saa za ukutani hawezi kuzipatanisha na umri wa ulimwengu, ambao leo unakadiriwa kuwa miaka bilioni 13.8. Atalazimika kusoma upya kitabu, au kukataa vipimo. Lemaître mwenyewe hakuona kwamba Biblia iliandikwa ili kufundisha fizikia. Kwa upande mwingine, mwanasayansi anayedai kwamba vipimo vimethibitisha kuwa hakuna Muumba naye amevuka mpaka uleule, ila kutokea ng'ambo ya pili.

Lemaître alifariki Juni 1966. Muda mfupi kabla ya hapo aliletewa habari kwamba Arno Penzias na Robert Wilson wamegundua mnururisho hafifu unaojaza anga lote, mabaki ya joto la ulimwengu mchanga. Mwaka 2018 Umoja wa Kimataifa wa Falaki ulipiga kura kupendekeza kwamba kanuni ya kutanuka kwa ulimwengu iitwe kanuni ya Hubble na Lemaître.

Tukirejea darasani, tumeyasahihisha majibu yetu. "Mwanzo" ni hali ya kwanza ambayo hesabu zinaweza kuifikia. "Uumbaji" ni jibu la swali jingine: kwa nini kuna kitu badala ya kutokuwepo kitu. Lakini tusijidanganye kwamba neno la kwanza halina dini ndani yake, kwani Wakristo wanaosoma Biblia kwa Kiswahili huifungua kwa kitabu chenye jina hilohilo. Hata "falaki" huko pwani lilitumika kwa elimu ya nyota na kwa kupiga bao pia. Maneno yetu yamebeba historia. Kazi ya mfasiri si kuyavua historia hiyo, bali ni kujua lipi linafaa wapi, na pale inapobidi, kuwa na ujasiri wa kukata sentensi anayoipenda.